Mama na Amri ya Kioo

Marehemu mama alikuwa fundi cherehani, na hakuwahi kukubali kwamba kuchora nyumba kwenye kompyuta ni kazi tofauti na kukata gauni.

"Tofauti ni moja tu," alikuwa akisema. "Mimi nikikosea, kitambaa kimekwenda. Ninyi mkikosea mnabonyeza."

Maneno yake bado ninayo karibu yote. Nayaandika sasa, kabla hayajaanza kupungua.

Mwaka ule Baba alikuwa amestaafu idara ya maji, alikokuwa fundi bomba, na nyumba ya kazini ilitakiwa irudishwe. Kiwanja kilikuwepo pembeni mwa mji, kidogo lakini chetu. Kilichokosekana ni ramani, maana bila ramani yenye muhuri wa halmashauri huruhusiwi kuweka hata tofali la kukalia. Mimi nilikuwa mchoraji katika ofisi ya ramani, ghorofani juu ya duka la madaftari, kwa hiyo kazi ikaniangukia bila mjadala. Jioni narudi na kompyuta ya ofisi, ile ya kukunja, naiweka juu ya meza ya Mama ya kukatia nguo kwa kuwa ndiyo pekee yenye upana wa maana. Mama anakaa upande wa pili anashona, jicho moja kwenye sindano, jingine kwangu.

Programu yetu ilikuwa ya zamani na ilipokea amri kwa herufi. Huandiki neno zima. Unagonga herufi moja au mbili, unabonyeza kitufe cha kukubali, kazi inafanyika. Mama aliona hivyo siku mbili tatu, ya nne akavuta kiti.

"Hiyo L ni ya nini?"

"Inachora mstari, Mama."

"L ya laini. Sawa. Na C?"

"Duara."

"C ya chungu. Mdomo wa chungu ni duara. E je?"

"Inafuta."

"E ya 'ebo!' Ebo, toka hapa!" Akapunga mkono kana kwamba anafukuza kuku.

Akaendelea hivyo mpaka uzi ukamkatikia kwenye cherehani. M, inayohamisha kitu kutoka hapa kwenda pale, ikawa M ya 'mhamishe'. O, inayochora mstari wa pili sambamba na wa kwanza, ikawa O ya 'ongeza'. "Hiyo ni nafasi ya mshono," alisema, na kweli ndiyo. TR, inayokata ncha iliyozidi, haikuhitaji neno, ilikuwa sauti ya mkasi wake ukipita kwenye khanga. Na U, inayotengua ulichofanya mwisho, akaiita U ya 'uwii!', kwa sababu, alisema, ndivyo mtu anavyopiga kelele anapogundua amekata mkono wa gauni badala ya pindo.

Iliyompendeza kuliko zote ni MI. Nilimweleza kwamba unachora upande mmoja, unaonyesha mstari wa katikati, na upande wa pili unajitokeza wenyewe, umegeuka kama kwenye kioo.

Mama aliacha kushona. "Mkunjo," alisema taratibu. "Unakunja kitambaa, unakata nusu, unakunjua, gauni limekamilika. Na herufi zake ni MI?"

"Ndiyo."

"Basi ni mimi. Mtu akitazama kioo anamwona nani? Mimi."

Baba, aliyekuwa anasoma gazeti la juzi, akasema mwanamke huyu sasa atatushonea nyumba yenye vifungo.

Tatizo la nyumba lilikuwa Shangazi.

Shangazi alikuwa dada pekee wa Baba. Mtaani walimwita Kipaza, kwa sababu akikusalimia akiwa kituoni, unaitikia ukiwa nyumbani. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na hakubahatika kupata mtoto. Alikuwa amepanga chumba kimoja mjini, na mwenye nyumba alikuwa amemwambia mwisho wa mwaka atoke, chumba kinageuzwa duka la simu. Baba akamwahidi chumba katika nyumba mpya. Aliahidi mbele ya Mama, na Mama akasema, "Karibu sana, wifi," kwa sauti ambayo mimi niliijua. Ni ile ile aliyotumia kumwambia mteja kwamba gauni litamkaa vizuri tu akipungua kidogo.

Hakuwa na ubaya na Shangazi. Walikuwa wametaniana tangu Mama alipoolewa, wakazoea. Ila Shangazi alikuwa na mkono usiotulia jikoni. Kila alipokuja kututembelea alifunua sufuria ya Mama, akaonja, akatikisa kichwa, akaongeza chumvi. Mgeni wa siku moja unamvumilia. Mtu wa kuongeza chumvi kila siku ya Mungu ni jambo jingine.

Nikachora. Ukumbi mwembamba katikati. Kulia kwa ukumbi, chumba kikubwa chenye bafu lake, nikakiandika CHUMBA CHA MAMA. Baba hakulalamika, alikuwa amezoea. Kushoto, chumba kidogo cha Shangazi, na nyuma yake stoo ya jikoni ambayo Mama aliipigania kwa miezi.

Jumatatu moja nilirudi kutoka kazini, nikafungua mchoro, nikakuta chumba cha Shangazi kiko nje ya nyumba. Kimesimama peke yake uani, pale palipochorwa shimo la maji machafu.

"Nani amehamisha chumba cha Shangazi?"

Mama hakuinua kichwa. "Labda umeme ulicheza."

"Umeme haujui M, Mama."

Baba alikuja kutazama, akavaa miwani. "Hapo ni juu ya shimo," alisema. Katika ramani ile, mambo ya mabomba yalikuwa ndiyo mambo pekee aliyoyatolea sauti. "Dada yangu ataogelea."

"Si ni karibu na choo?" Mama akasema. "Mtu mzima huamka amka usiku. Nilikuwa namfikiria."

Nikagonga U, chumba kikarudi. Keshokutwa yake nikakuta kimepunguzwa mpaka kitanda hakiingii ila kikisimama wima. Mara nyingine mlango wake ulikuwa umefutwa, ukuta umezibwa vizuri, ncha zimekatwa safi kabisa. Nilimwambia kazi ni nzuri ila Shangazi ataingiaje. Akasema kwani dirisha lina kazi gani.

Ijumaa Shangazi mwenyewe akaja. Tulimsikia kabla hajafika getini.

"Hodi wenyewe! Wifi, nimekuja kuona chumba changu. Au mmeniweka darini?"

"Darini kuna popo," Mama akajibu kutoka kwenye cherehani. "Tungekuweka wangehama kwa kelele."

"Popo wangenenepa! Wangekula chakula chenye chumvi kwa mara ya kwanza."

Wakacheka wote wawili, na Shangazi akaenda moja kwa moja jikoni. Tukasikia mfuniko wa sufuria. Mama akanitazama.

Baadaye Mama alipotoka kwenda kumpimisha mteja nguo, Shangazi alikuja kukaa karibu yangu. Akaitazama kompyuta kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. Alinong'ona.

"Mwanangu, wifi yangu ananitaka kweli humu ndani?"

"Anakutaka, Shangazi."

"Usinidanganye kwa sababu mimi ni mzee. Chumba kidogo nitakaa. Uani nitakaa. Ila kama mtu hanitaki niambiwe mapema, nikatafute pa kwenda, maana nikishaingia na vitu vyangu halafu nianze kuonekana mzigo, nitajificha wapi?"

Nilimwambia tena kwamba anatakiwa. Alinipigapiga bega, akaondoka na sauti yake ikarudi alipofika barabarani.

Jumamosi mchana mimi, Baba na Shangazi tulikwenda kiwanjani kuonyeshwa vigingi na mpima ardhi. Mama alibaki, alisema ana magauni ya harusi ya watu. Kompyuta niliiacha mezani. Aliyoyafanya alinieleza mwenyewe siku ile ile jikoni, kwa hiyo najua.

Alikuwa amechoka kucheza na M na kucheza na mlango. Akaamua kumaliza. Akagonga E, ebo, akafuta chumba cha Shangazi. Pakabaki pengo kushoto, baya, hata Baba angeliona. Akafikiri kama fundi. Nguo yenye upande mmoja mbaya huiwekei viraka. Unaikunja, unakata upya kwa kufuata upande mzuri. Basi akafuta na stoo yake pia, kushoto kote kukawa kweupe. Akaonyesha ukumbi kuwa ndio mkunjo, akachagua upande wote wa kulia, akagonga MI.

Upande wa kushoto ukajaa. Ulikuwa mzuri, alisema. Ulikaa sawa kama mabega ya koti. Mpango wake ulikuwa kwamba pale pote sasa patakuwa stoo kubwa.

"Stoo yenye bafu?" nilimwuliza.

"Bafu ningelitoa."

"Na maandishi hukuyaona?"

"Niliyaona. Nikadhani ni Kirusi."

Programu yetu ile ya zamani, ukitumia kioo, ilikuwa inageuza kila kitu, hata maneno. Kulia paliandikwa CHUMBA CHA MAMA. Kushoto maneno yale yale yalisomeka kinyumenyume, na herufi zenyewe zimetazama nyuma, kama maandishi ya shati lililogeuzwa ndani nje.

Alikuwa bado anayashangaa aliposikia sauti ya Shangazi kona ya mtaa, akimweleza mtu kwamba kiwanja kina upepo mzuri. Mama alipata muda wa kutosha wa kugonga U. Lakini aliniambia aliitafuta herufi ile kwenye vitufe kama mtu anayetafuta ufunguo mlango unapigwa, na mwisho akagonga kitu kingine kilichoongeza picha mpaka ikajaa skrini nzima. Sisi tukaingia. Kwenye kompyuta hapakuwa na kitu kingine ila kile chumba cha kushoto, kikubwa kama uwanja, na maneno yake ya kinyume katikati.

"Hiki ndicho changu?" Shangazi akauliza.

Mimi nilikuwa nahesabu kuta na sielewi. Baba alikuwa anahesabu mabomba.

"Mabafu mawili," alisema. "Kushoto na kulia. Nani kaweka mabafu mawili?"

Shangazi hakumsikia. Alikuwa ameinama mbele ya skrini. "AMAM," akasoma. "Amam ni nini?" Herufi za neno lile, A na M, hata zikigeuzwa hubaki vile vile, ndiyo maana aliweza kulisoma. Mengine yalimshinda. Akafungua mkoba, akatoa kioo kidogo cha poda, akageuka akaipa kompyuta mgongo, akatazama juu ya bega kama dereva anayerudi nyuma.

Akasoma polepole. "Chumba. Cha. Mama."

Akashusha kioo. Akakaa kwenye kiti cha kushonea, juu ya gauni la bibi harusi, na Mama hakumwambia ainuke.

"Wifi," alisema. Ulikuwa ni ule mnong'ono. "Nimefika umri huu hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Hata kwa makosa."

Mama alikuwa amesimama na tepu shingoni. Mimi kidole changu kilikuwa tayari kwenye U, maana kila kitu kingerudi kwa kugusa mara chache tu. Mama alinyoosha mkono akanipiga kidoleni kwa ncha ya tepu, si kwa nguvu.

"Toa mkono," alisema. "Usimharibie mtu chumba."

Shangazi alilia kidogo, akacheka, akaenda nyumbani akiwa kimya njia nzima. Majirani wawili walikuja kuuliza kama anaumwa.

Ndipo Mama akaniita jikoni, akanieleza yote, huku amegeukia jiko.

"Naweza kurekebisha," nilimwambia. "Nitamwambia kompyuta ilikosea."

"Kompyuta haijawahi kumwita mtu mama."

"Lakini umefuta stoo yako. Chumba kile kimekula stoo yote. Utaweka wapi mchele?"

"Chini ya kitanda cha baba yako."

"Na sebule itabidi niibane."

"Ibane. Kwani sisi tunakaa sebuleni? Tunakaa kwenye cherehani." Akafunua sufuria, akaonja, akatulia. Kisha akaifunika kwa kishindo. "Na ni kweli chumvi haijakolea, ndicho kinachoniudhi."

Kwa wiki nzima nilifanya kazi ya kuinyoosha nyumba ile. Bafu la kushoto Baba aliomba kwa heshima zote lisogezwe ukutani ili bomba liwe moja, nikalisogeza. Dirisha Mama alilisogeza mwenyewe. Alivuta kiti, akagonga M, akalipeleka ukuta wa mbele unaotazama barabara, akasema mtu mwenye sauti kama ile apewe watu wa kuwasalimia. Nilitaka kugeuza na maneno yale ya kinyume niandike Chumba cha Shangazi, akanikataza. Nikayageuza tu yasomeke. Kwa hiyo ramani ilipotoka kwenye mashine ya kuchapa kazini ilikuwa na vyumba viwili vinavyolingana kila kitu, kulia Chumba cha Mama, kushoto Chumba cha Mama.

Halmashauri tulikwenda watatu. Shangazi hakuwepo, alikuwa ameshaanza kufunga vitu vyake kwenye maboksi. Afisa wa ramani alikuwa mwanamume mwenye kalamu sikioni na nyingine mkononi. Akaitandaza ramani yetu juu ya kaunta, akaipitisha kidole, akasifu bomba moja, na Baba akasimama wima kidogo. Kisha kidole kikasimama.

"Mzee, hapa naona mama wawili. Una wake wawili?"

"Huyu?" Mama akasema. "Mmoja tu anamshinda."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Afisa naye akacheka, lakini hakupiga muhuri. Akaeleza kwamba vyumba viwili haviwezi kuwa na jina moja, mkaguzi akija atashindwa kujua kipi ni kipi. Jina moja lifutwe kwa mkono, liandikwe jingine, tutie sahihi pembeni, basi.

"Lipi libaki?" akauliza, akanipa kalamu.

Nilimtazama Mama. Nilijua nilichotakiwa kuandika, na nilijua hata Shangazi asingelalamika. Angesoma Chumba cha Shangazi, angecheka kwa sauti kubwa, angesema ndivyo inavyotakiwa. Nikapeleka kalamu kushoto.

Mama akaichukua mkononi mwangu. Hakuwa mtu wa kuandika sana, alishika kalamu kama chaki ya kuchorea kitambaa. Akainama juu ya ramani, akatafuta upande wa kulia, chumba chake, kile nilichomchorea kwanza kabla ya vingine vyote, akapiga mstari juu ya neno MAMA. Juu yake akaandika BABA, herufi kubwa, zimepinda kidogo. Akatia sahihi.

"Mama ni yule wa kushoto," akamwambia afisa. "Mimi nalala kwa mume wangu."

Afisa akapuliza muhuri, akaugonga. Baba akasogea kwenye kaunta, akasoma, akafuta miwani kwa shati, akasoma tena.

"Kumbe na mimi nina chumba," alisema.

"Unacho."

Akafikiri. "Naruhusiwa kufunga mlango?"

"Jaribu uone," Mama akasema, akaikunja ramani.